Kushusha Salisbury: ekseli ya nyuma ya Land Rover 109

Ekseli ya nyuma ya Land Rover yangu ndefu, ile ya inchi 109 kutoka ekseli hadi ekseli, ilikuwa inavuja oili na kulia; ni ya aina inayoitwa Salisbury. Karibu kila gereji niliyopita Moshi na Arusha nilipewa jibu lilelile: kata hiyo ekseli, tafuta ya pikapu ya Kijapani, ichomelewe, safari iendelee. Sikulikubali, na mpaka leo silikubali. Najua ziko Land Rover 109 nyingi zimesimama nyuma ya nyumba za watu, majani yamepita kwenye bampa, kwa sababu mwenye gari aliambiwa hivyo akakata tamaa. Kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu kwa nini ekseli ile inastahili kushushwa nzima, itengenezwe, irudishwe mahali pake, na jinsi tulivyofanya sisi.

Gari langu ni Series III ya mwaka 1976, pikapu ndefu yenye turubai, niliyoinunua kwenye mnada wa misheni moja. Inapandisha samadi na mbegu kwenda Kibosho na kushusha ndizi mjini. Wakati wa masika, njia ya kwetu inageuka utelezi wa udongo mwekundu usio na huruma, na pale ndipo unapojua gari lako lina magurudumu manne yanayovuta au lina mawili tu yanayosindikizwa.

Na hapo ndipo ulipo ubaya wa kukata. Difu za Land Rover za Series, yaani zile gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu, ya mbele na ya nyuma, zina uwiano wa 4.7: propela, ile shafti ndefu inayotoka giaboksi, ikizunguka mara 4.7, gurudumu linazunguka mara moja. Ya mbele na ya nyuma lazima zifanane, kwa sababu ukiingiza fo-wili, yaani magurudumu yote manne yavute, kwenye magari haya, propela mbili zinafungwa pamoja moja kwa moja. Hakuna difu ya katikati ya kusawazisha. Sasa mtu akikuwekea nyuma ekseli ya 4.1 na mbele ukabaki na 4.7, kwenye lami hutasikia kitu, utasema fundi ni mzuri. Siku unaingiza fo-wili kwenye tope, mbele kunataka mwendo huu, nyuma kunataka mwingine, na anayeumia katikati ni giaboksi. Mkono wa gia unagoma kutoka, meno yanakatika. Wengi waliokatiwa huishia kuchomoa propela ya mbele kabisa, na gari lililotengenezwa kwa ajili ya mlima linabaki kuwa la lami. Bado sijasema habari ya upana wa ekseli, wala vishikilio vya springi vinavyochomelewa kwa kukisia, propela ikakaa kwa pembe isiyo yake na kula krosi, viungo vya ncha zake, kila mara.

Kabla ya kununua hata sili moja ya kuzuia oili, piga magoti nyuma ya gari uangalie ekseli uliyo nayo. Zile fupi, za inchi 88, zina ekseli ya Rover: difu imefungwa kwa mbele, upande wa propela, na nyuma kuna mfuniko wa mviringo uliochomelewa ambao haufunguki. Hiyo ni nyepesi. Unachomoa hafu shafti, zile zinazotoka difu hadi gurudumu, unafungua nati za difu, unaitoa ikiwa nzima na ekseli inabaki garini. Lakini 109 nyingi za Series III zina Salisbury. Utaijua kwa tumbo lake kubwa la chuma cha kumimina na kava la nyuma lililofungwa kwa bolti pande zote. Ina nguvu kuliko ya Rover, na haina sana ile tabia ya Land Rover za zamani ya kukata hafu shafti njiani. Shida yake ni kwamba difu haitoki kwa mbele. Inatokea nyuma, na imebanwa kiasi kwamba inabidi tumbo lenyewe litanuliwe kidogo ndipo itoke. Kufanya hivyo ukiwa umelala chini ya gari, vumbi linakuingia machoni, ni kujitesa bure. Ndiyo maana naishusha yote.

Langu lilikuwa linavuja oili mbele ya difu, pale propela inapoingia, na lilikuwa na mlio. Mlio una lugha yake. Ukisikia "ko!" unapoachia klachi, usikimbilie difu, kagua kwanza krosi za propela, shika propela kwa mikono miwili uitikise. Mimi zangu zilikuwa nzima. Mlio wangu ulikuwa wa kuvuma, unaongezeka nikikanyaga mafuta na kubadilika nikiachia mguu, na hiyo mara nyingi ni beringi za pinioni, gia ndogo ya difu inayozungushwa na propela. Kuhusu kuvuja, kuna kitu kidogo juu ya ekseli ambacho watu hawakiangalii: kipumulio. Oili ikipata joto, hewa ndani inatanuka, na hupumulia pale. Kikiziba kwa tope lililokauka, hewa inatafuta njia nyingine, nayo njia hiyo ni sili. Unaweza kubadilisha sili mpaka uchoke. Kama kipumulio kimeziba, zitavuja tena. Changu kilikuwa kimefunikwa na tope gumu kabisa, nilikikwangua kwa bisibisi ndipo nikakiona.

Kazi tuliifanyia kwa Babu, fundi mstaafu anayekaa Majengo, mwenye uwanja wa zege nyuma ya nyumba. Ni mtu wa maneno machache. Nilipomwambia nataka kuishusha nzima, alisema, "Sawa mwanangu, lakini kwanza nionyeshe unavyoizuia isitembee."

Hilo swali ni la uhai na mauti, nawaomba mlisome polepole. Hendibreki ya Land Rover ya Series haishiki magurudumu. Ina dramu yake peke yake nyuma ya giaboksi, inashika propela. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaruhusu lile lililo hewani lizunguke na gari linaweza kuondoka ukiwa chini yake, hendibreki ikiwa imevutwa mpaka mwisho. Na ukishafungua propela ya nyuma, kwa upande wa nyuma hendibreki haina kazi kabisa. Kwa hiyo: magurudumu ya mbele yawekewe vigingi vya mbao, mbele na nyuma ya kila gurudumu. Vuta mkono wa gia wenye kirungu chekundu nyuma, ambao unaingiza gia nzito na fo-wili kwa pamoja, kisha weka gia ya kwanza. Kama una habu za kufunga kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele, zifunge. Halafu ndipo ushike jeki.

Legeza nati za magurudumu gari likiwa bado chini. Inua kwa nyuma, weka stendi chini ya chasisi, mbele kidogo ya pale springi zinapoanzia, ili nyuma yote ibaki wazi. Babu hana imani na matofali wala vipande vya magogo chini ya gari, na mimi namuunga mkono kwa moyo wote. Tofali halitoi onyo, linapasuka tu. Gari likishakaa, lisukume kwa bega kwa nguvu. Likicheza, anza upya.

Spana ni za inchi. Hili linawasumbua vijana waliozoea magari ya Japani. Bolti za propela zinataka 9/16. Spana ya 14 inakataa kuingia, ya 15 inacheza na kula kona za nati, na nati iliyolika kona chini ya gari ni nusu siku imepotea. Azima seti ya inchi kabla hujaanza.

Fungua tundu la kujazia oili kabla ya lile la kumwagia. Ukimwaga oili kwanza kisha ukagundua kizibo cha juu kimegoma, una difu kavu ambayo huwezi kuijaza. Oili yangu ilitoka nyeusi, na chini ya beseni kulikuwa na unga wa chuma unaometameta ukiigeuza kwenye jua. Babu aliusugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akanionyesha vipande viwili vidogo vyenye upande mmoja unaong'aa. "Hivyo ni beringi," akasema. Unga laini ni uchakavu wa kawaida. Kipande chenye uso unaong'aa kimevunjika kutoka mahali fulani.

Propela ina bolti nne. Piga alama kwa patasi ndogo kwenye flenji zote mbili, ya propela na ya difu, ili irudi ilivyokuwa. Bomba la mpira la breki ni moja tu kwa nyuma, linashuka kutoka chasisi mpaka kwenye kiungo juu ya ekseli. Lifungue na uzibe mara moja, kwa sababu fluidi ya breki inababua rangi na vumbi likiingia kwenye bomba litakwenda mpaka kwenye silinda. Kisha shokapu upande wa chini, na mikanda inayozuia ekseli isishuke kupita kiasi kama gari lako bado linayo. Yu-bolti usizihurumie. Tulizipaka oili jioni, asubuhi zikawa bado hazitaki, mpwa wangu akazikata kwa grenda. Yu-bolti iliyokwishavutwa miaka yote hiyo hairudishwi hata ikifunguka vizuri. Mpya si ghali, na ndizo zinazoshikilia ekseli kwenye gari.

Sasa tunafika penye kazi. Kwenye Series, ekseli inakaa juu ya springi, yaani iko katikati: chasisi juu yake, springi chini yake. Huwezi kuishusha moja kwa moja, springi iko njiani. Inabidi uachie ncha za nyuma za springi, zile zilizoshikwa na vyuma pacha kwenye chasisi, springi zilale chini, ndipo ekseli itoke kwa nyuma. Bolti ya pale inapita ndani ya bushi ya mpira yenye bomba la chuma ndani, na kwa miaka bolti na lile bomba vimeshikana kwa kutu vikawa kitu kimoja. Unafungua nati, unafurahi, kisha unageuza bolti na unaona mpira wote unazunguka nayo. Unagonga, haitoki, mpira unanyonya kila pigo la nyundo.

Upande wa kulia bolti ilitoka kwa kugongwa. Kushoto hapana. Mpwa wangu alishataka kupasha moto. Babu akamkataza, kwa sababu tangi la mafuta liko karibu na kwa sababu mpira ukiungua unatoa moshi mchafu sana. Alichukua msumeno wa chuma, akautoa kwenye fremu yake, akazungushia kitambaa ncha moja, akaupenyeza kati ya chuma pacha na bushi. Akakata bolti pande zote mbili taratibu, akipumzika kila mara na kumwagia maji. Ilichukua muda mrefu kweli. Lakini chasisi haikuguswa hata mkwaruzo, na hilo ndilo nililolilipia. Grenda mahali pale ingekula tundu la chasisi, na tundu lile likishapanuka gari litakuwa linatembea kiubavu siku zote.

Kabla springi hazijalala, ziandikwe kwa rangi: kulia, kushoto. Hazilingani. Za upande wa dereva zimetengenezwa tofauti na za abiria, na ukizibadilisha gari litainama.

Tuliweka jeki ya magurudumu chini ya tumbo la difu, mtu mmoja kila upande akashika dramu ili ekseli isipinduke, kwa sababu uzito wote uko pale kwenye tumbo na tumbo halipo katikati. "Shangazi, toa mguu," mpwa wangu aliniambia, na alikuwa na haki ya kusema. Salisbury ni nzito kweli. Watatu ndio kiwango cha chini, na mmoja wao awe anaangalia tu na kusema.

Ikishatoka, usiikimbilie. Ingia kwanza chini ya gari na nyundo ndogo. Pale ilipokuwa imejificha ekseli ndipo chasisi inapooza, juu ya ekseli hasa, kwa sababu magurudumu yanarusha tope huko kila siku na hakuna anayeoshea. Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini, haishiki kutu kama bati, na watu wanadanganyika: wanaona ubavu mzuri wanadhani gari zima. Chasisi ni chuma tupu. Gonga taratibu, pazima panalia, palipooza panatoa sauti butu na nyundo inazama. Kwangu kulikuwa na sehemu moja tu, karibu na kishikilio cha springi ya kushoto, ikakatwa na kuchomelewa bati jipya gari likiwa wazi hivyo. Wenye magari ya Tanga na Dar, ambako hewa ina chumvi, tegemeeni zaidi. Ukaguzi huu peke yake ungenitosha kuwa sababu ya kushusha ekseli.

Kufungua difu ilikuwa kazi ya Babu. Hafu shafti zinatoka kwa kufungua bolti sita za flenji kila upande, huna haja hata ya kugusa habu. Ukitaka kufika kwenye beringi za habu, kuna nati mbili kubwa za milimita 52 zenye spana yake ya bomba, na tafadhali itafuteni hiyo spana. Nati nyingi nilizoziona zina makovu ya patasi. Anayefunga nati ya beringi kwa patasi na nyundo hawezi kujua ameikaza kiasi gani.

Babu ana fremu aliyoichomelea mwenyewe zamani, yenye skrubu ya kutanua, inashika tumbo la difu kwa pande mbili. Anageuza kidogo sana, sehemu ndogo tu ya milimita, kisha difu inachomoka kwa vyuma viwili vya kubembeleza. Ukitanua kupita hapo, tumbo halirudi. Vifuniko viwili vya beringi vina alama zake, kila kimoja kinarudi upande wake na kwa mwelekeo wake. Vile vibati vyembamba vya kupangia nafasi, vya kulia viliwekwa kwenye kopo moja, vya kushoto kwenye jingine, na makopo yakawekwa juu ya kabati, mbali na watoto.

Beringi ya pinioni ilikuwa imemegeka usoni. Meno ya krauni, ile gia kubwa ya difu, na ya pinioni yalikuwa mazima, na nilishukuru Mungu kwa sauti, maana hizo mbili huuzwa pamoja kama jozi, zimesagwa pamoja kiwandani na hazichanganywi. Kuhusu beringi nina jambo moja la kuwaambia wenzangu: usiingie dukani ukauliza beringi ya Land Rover. Safisha ile ya zamani, soma namba iliyochongwa ukingoni, uende kwenye duka la beringi na hiyo namba. Ni beringi za kawaida za mtindo wa koni, zinatumika kwenye mashine nyingi nyingine, na bei inakuwa nyingine kabisa.

Kupanga upya hakukuwa na mengi ya kusimulia. Babu alipaka rangi kwenye meno machache, akazungusha, akaangalia alama inapoangukia, akabadilisha kibati kimoja, akapaka tena. Alama ikikaa katikati ya jino, basi. Sili mpya, kipumulio kipya, oili ya EP90.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa, isipokuwa jambo moja linaloharibu kazi nyingi nzuri. Bolti za springi zisikazwe gari likiwa juu ya stendi. Ziingize, zikaze kwa mkono tu, shusha gari likae kwa uzito wake, lisukumesukume, ndipo ukaze. Ukikaza likiwa juu, mpira wa bushi unajifunga ukiwa umejinyonga, na ukishusha gari unapasuka kabla ya mwezi kuisha. Kisha toa upepo kwenye breki, ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi.

Niliipandisha Kibosho ikiwa na gunia za samadi, mvua ilikuwa imenyesha usiku. Kwenye kona ya juu ya mto niliingiza fo-wili. Mkono uliingia na ulitoka bila kugombana. Difu kimya. Nikasimama juu, nikaingia chini na tochi: mbele ya difu pakavu.

Baada ya safari ndefu ya kwanza rudieni kukaza yu-bolti, huwa zinalegea springi zikishajipanga, na muangalie tena bolti za propela. Spana za inchi ninazo. Fremu ya kutanulia tumbo iko kwa Babu, na ameniruhusu niseme kwamba mwenye Salisbury anayetoka Kilimanjaro au Arusha anaweza kuja kuitumia palepale uwanjani kwake. Haitoki nje ya geti. Njooni na vigingi vyenu vya mbao.